Gari Likifeli Kipimo cha Moshi

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya kupimia moshi ni fupi, na wenye magari wengi huisoma mstari mmoja tu: ule wa mwisho, unaosema gari limefeli. Karatasi hukunjwa, hutiwa mfukoni, na gari hupelekwa gereji kwa maelezo ya maneno matatu, "Limekataliwa kwa moshi." Fundi naye, kwa kuwa hajaonyeshwa chochote cha kusoma, hutaja kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye bomba la moshi, yaani masega. Mwenye gari anakopa, masega yananunuliwa na kufungwa, gari linarudi kupimwa, na majibu yanatoka yale yale.

Lau karatasi ile ingekunjuliwa, ingeonekana kwamba mistari ya juu ilikuwa imeshataja ugonjwa. Mashine ya kupimia gesi haisemi tu kwamba gari limeshindwa. Inaeleza jinsi moto unavyowaka ndani ya silinda: kama mafuta yamezidi, kama hewa inavuja mahali, kama kuna silinda isiyowaka, au kama moto ni mzima na kilichokufa ni masega peke yake. Hayo ni magonjwa manne yenye tiba nne tofauti. Moja kati ya tiba hizo ndiyo ghali kweli, na kwa bahati mbaya ndiyo inayokimbiliwa kwanza.

Jambo hili limesogea karibu na wasomaji wa Kiswahili. Agosti 2025 Rwanda ilianza kupima moshi wa magari na pikipiki katika kituo cha Ndera, jijini Kigali, kazi inayofanywa na mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, REMA, pamoja na polisi. Kenya ina kanuni za kudhibiti moshi wa mafuta tangu 2006, na Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007, ingawa katika nchi zote mbili kipimo kilichozoeleka barabarani kimebaki kuwa jicho la askari wa trafiki. Kwa Mswahili anayeishi Birmingham au Sacramento habari hii ni ya zamani. Uingereza hulipima gari kila mwaka katika ukaguzi wa MOT likishatimiza miaka mitatu, na California ilianzisha ukaguzi wake wa moshi mwaka 1984.

Kabla ya kuingia kwenye injini, kuna dhana moja ya kuondoa njiani, nayo ni kwamba gari likizeeka lazima litafeli. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mkemia Donald Stedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Denver, Marekani, walitengeneza kifaa kinachomulika mwali wa infraredi kukatiza barabara na kupima moshi wa kila gari linalopita. Walichokiona kilijirudia mji baada ya mji: karibu nusu ya kaboni monoksidi yote ilitoka kwa takriban gari moja kati ya kumi. Miongoni mwa magari hayo machafu yalikuwamo mapya, na miongoni mwa magari makuukuu mengi yalikuwa safi. Umri huongeza uwezekano wa hitilafu, hilo halina ubishi, lakini kinachochafua hewa ni hitilafu yenyewe. Ugunduzi huu unapaswa kuwatia moyo wenye magari ya miaka ishirini, kwa sababu hitilafu hutafutwa na kutengenezwa.

Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Uwiano huo mashine huuandika kama lambda 1. Lambda ikishuka chini ya 1, mafuta yamezidi. Ikipanda juu ya 1, hewa imezidi. Mafuta yakizidi, oksijeni haitoshi kumaliza kazi, na kaboni inabaki njiani kama kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua ndani ya gereji iliyofungwa. Mafuta yasipowaka kabisa hutoka kama hidrokaboni, ile harufu ya petroli mbichi inayochoma macho nyuma ya gari bovu. Moto ukiwa mkali kupita kiasi, nitrojeni ya hewani nayo hushikana na oksijeni na kuzaa oksidi za nitrojeni.

Masega yamewekwa kusafisha mabaki hayo. Ni kauri yenye vijitundu vingi vyembamba, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayoharakisha kaboni monoksidi na hidrokaboni kugeuka kaboni dioksidi na maji, na oksidi za nitrojeni kurudi kuwa nitrojeni. Lakini yana masharti. Ni mpaka yapate joto la nyuzi 250 au zaidi, na ni mpaka lambda ikae karibu sana na 1. Ukaguzi wa Uingereza unaruhusu lambda kati ya 0.97 na 1.03 tu. Kuushika ukanda mwembamba namna hiyo si kazi ya sikio la fundi. Ni kazi ya sensa ya oksijeni, kifaa ambacho kampuni ya Bosch ilikiingiza sokoni mwaka 1976 kwenye magari ya Volvo, na ambacho mpaka leo huiambia kompyuta ya gari, mara kadhaa kwa kila sekunde chache, iongeze mafuta au iyapunguze.

Hapa Afrika Mashariki masega yana historia yake ya kusikitisha. Petroli yenye madini ya risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006, huipaka kauri ile na kuiua. Magari mengi yaliyoingia kutoka Japani miaka ya 1990 yalifika na masega mazima, yakajazwa mafuta ya risasi, masega yakafa, na baadhi yakaziba. Fundi wa wakati ule aliyeyakata na kuchomelea bomba tupu alikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Risasi ikaondoka, desturi ikabaki. Kisha ukaja mvuto wa pili, bei ya madini. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilipita dola 25,000, na masega yakawa mali ya kuibwa usiku au kuuzwa kwa wanunuzi wanaozunguka gereji. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa mbele ya gari kuukuu lililofeli ni la kuchungulia chini ya gari kwa tochi: masega yapo? Na kama kopo lipo, ndani yake kuna kauri au limekombwa? Ukiligonga kwa kiganja bomba likiwa limepoa, kopo lenye kauri iliyovunjika hutoa sauti ya vigae vinavyogongana.

Yakishajulikana hayo, karatasi inafunguliwa.

Mstari wa kusoma kwanza ni lambda, na sababu yake ni nzuri. Lambda ya kwenye karatasi hupigwa hesabu kutokana na gesi zote nne zilizopimwa: kaboni monoksidi, kaboni dioksidi, hidrokaboni na oksijeni. Masega hubadili gesi hizi kutoka umbo moja kwenda jingine, lakini hayaongezi wala hayapunguzi kaboni na oksijeni iliyoingia. Kwa hiyo lambda hubaki ile ile kabla ya masega na baada yake. Kwa fundi hii ni nuru kubwa: bomba la moshi likiwa halivuji, lambda inamweleza habari za injini peke yake, ilhali kaboni monoksidi na hidrokaboni zinamweleza habari za injini na masega kwa pamoja.

Chukulia Corolla ya mwaka 2003 iliyofika kwenye kipimo na kuandikiwa hivi: kaboni monoksidi asilimia 2.1, hidrokaboni 180 kwa milioni, kaboni dioksidi asilimia 13.2, oksijeni asilimia 0.3, lambda 0.95. Kikomo cha Uingereza kwa gari la petroli lililoanza kutumika baada ya katikati ya 2002 ni asilimia 0.2 ya kaboni monoksidi injini ikizungushwa kati ya mara 2,500 na 3,000 kwa dakika, na asilimia 0.3 ikinguruma bila kukanyagwa. Corolla hii imezidisha kikomo mara kumi. Lakini lambda inasema wazi kwamba injini inamiminiwa mafuta mengi. Oksijeni iliyobaki ni kidogo mno; hata masega mapya kutoka kiwandani yasingekuwa na cha kuchomea kaboni monoksidi yote ile. Kuyabadilisha hapa ni kutupa fedha.

Linabaki swali la nani anamwaga mafuta. Katika magari ya ukanda huu, mtuhumiwa wa kwanza ni kifaa cha bei ndogo ambacho mara nyingi hakipo kabisa: thamostati. Hadithi yake inajulikana gereji zote. Gari lilichemsha siku moja, pengine kwa sababu ya rejeta iliyoziba au feni iliyokufa. Fundi akaitoa thamostati ili maji yazunguke muda wote, gari likaacha kuchemsha, mwenye gari akashukuru. Wengine husema nchi zetu ni za joto, kifaa hicho ni cha Wazungu wenye theluji. Ukweli ni kwamba thamostati nyingi za Toyota hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, na injini ilisanifiwa ifanye kazi kwenye joto hilo na zaidi, iwe Helsinki iwe Tanga. Ikiondolewa, gari linalopanda Limuru au kushuka Kitonga asubuhi linaweza kwenda saa nzima na maji yenye nyuzi 60. Sensa ya joto inaripoti kwa uaminifu kwamba injini ni baridi, na kompyuta, kwa uaminifu ule ule, inaendelea kuongeza mafuta kama inavyofanya dakika chache za kwanza baada ya kuwasha. Gari linakula mafuta, oili inachanganyika na petroli, ringi zinachakaa mapema, na moshi unafeli.

Kuligundua hilo hakuhitaji mashine. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, mpira wa juu wa rejeta unapaswa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate moto kwa ghafla thamostati inapofunguka. Ukianza kupata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, thamostati haipo au imekwama ikiwa wazi. Mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari anaweza kuangalia namba ya joto la maji moja kwa moja. Ikigoma kupanda juu ya nyuzi 70, jibu limepatikana.

Kama joto ni sawa, msako unaendelea kwa kupanda ngazi za gharama. Sensa ya joto yenyewe inaweza kuwa inadanganya, ikisema baridi wakati maji yanachemka. Kwenye magari yenye regyuleta ya mafuta juu ya reli ya nozeli, mpira mwembamba wa vakyum ukichomolewa na kunukia petroli, diaframu imechanika na mafuta yanapenya kuingia manifoldi. Kijiti cha oili nacho kinusiwe: oili inayonuka petroli hutoa mvuke unaonyonywa tena na injini, na kubadilisha oili peke yake kumeshusha kaboni monoksidi ya magari mengi. Sensa ya oksijeni hufuata. Nayo huchoka kwa kilomita, na iliyotembea 160,000 bila kubadilishwa ina kila sababu ya kushukiwa, hasa kama usomaji wake umeganda badala ya kupanda na kushuka. Nozeli zinazovuja huja mwisho wa orodha kwa kuwa kuzitoa ni kazi. Klina ya hewa, inayosingiziwa kila kitu, kwenye injini ya nozeli mara chache huwa chanzo, kwa sababu kompyuta hupima hewa iliyoingia kweli na kugawa mafuta kulingana nayo. Kwenye kabureta ndiyo yenye makosa.

Karatasi ya pili iwe ya gari jingine: kaboni monoksidi asilimia 0.6, hidrokaboni 150, kaboni dioksidi 14.6, oksijeni 0.6, lambda 1.00. Namba hizi kwa mtazamo wa haraka zinaonekana nafuu kuliko za Corolla, na mwenye gari anaweza kudhani plagi mpya zitatosha. La hasha. Lambda ni kamilifu. Mafuta ya kuungua yapo, oksijeni ya kuyaunguza ipo, vyote viwili vimepita ndani ya kopo lenye moto bila kukutanishwa. Hapa masega ndiyo yaliyokufa, au hayajapata joto. Ndiyo maana kabla ya kutoa hukumu gari liendeshwe kwa kasi ya kawaida kwa muda wa robo saa na kupimwa tena papo hapo, bila kuliacha lipoe kwenye foleni. Magari yasiyohesabika yameandikiwa kufeli kwa sababu tu yalisimama nusu saa yakisubiri zamu.

Hata baada ya kuthibitika kwamba masega yamekufa, kuna swali linalopaswa kuulizwa kabla ya kwenda dukani: yameuawa na nini? Masega hayana sehemu inayozunguka wala kusuguana. Yakitunzwa huishi muda mrefu sana. Muuaji mmoja ni silinda inayomisi, yaani isiyowaka: petroli mbichi inaingia kwenye kopo, inawakia humo, na kauri inayeyuka. Mwingine ni oili. Injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8, iliyo ndani ya Corolla, RAV4 na Premio nyingi zinazotembea barabarani kwetu, ina sifa inayojulikana duniani: matoleo yake ya awali hula oili kwa sababu matundu ya kupitisha oili kwenye pistoni huziba na ringi za oili kuganda. Fosforasi iliyomo kwenye oili hupaka madini ya masega kidogo kidogo mpaka yanakuwa kauri tupu. Anayefunga masega mapya kwenye injini inayokula lita ya oili kwa mwezi atarudi dukani tena. Na masega ya bei poa yana madini machache. Huenda yakapita kipimo cha leo na kufeli cha mwakani.

Hidrokaboni zikipanda kupita 1,000 huku kaboni monoksidi ikiwa chini, hadithi inabadilika: kuna mafuta yanayotoka bila kuguswa na moto. Plagi na koili ndizo za kuanza nazo, na kwa magari ya zamani zaidi, waya za plagi na kofia ya distribyuta. Plagi zikitolewa zipangwe mezani kwa mpangilio wa silinda zake, kwa sababu zinazungumza. Iliyo na masizi makavu meusi imekaa kwenye mafuta mengi, iliyolowa oili inaelekeza kwenye sili za vali au ringi, nyeupe kama chokaa imepigwa na joto la hewa nyingi. Kama zote ni nzuri na oksijeni kwenye karatasi imepanda pamoja na hidrokaboni, basi itafutwe hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma: mpira wa vakyum uliopasuka, gasketi ya manifoldi, bomba la mpira kati ya klina na injini lililofanya nyufa chini ambako jicho halifiki. Mchanganyiko unakuwa mwepesi mno kushika moto, na silinda inamisi. Vali zisizofunga vizuri na kompresheni iliyoshuka huja baada ya hapo, na hizo ndizo habari mbaya za kweli.

Kuna kosa jingine la kijinga linalogharimu watu wengi: tundu kwenye bomba la moshi. Moshi hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo bomba hunyonya hewa ya nje kupitia ufa wowote. Ufa ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni, sensa huona oksijeni ambayo injini haikuitoa, inaiambia kompyuta kwamba mafuta ni machache, na kompyuta inayaongeza. Gari zima linachafuka kwa ajili ya gasketi ya manifoldi. Ukiwa baada ya sensa, hewa hiyo hupandisha lambda ya kwenye karatasi tu, na gari linafeli kwa kosa ambalo injini haikulitenda. Mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, au alama nyeusi ya masizi kwenye maungio, hutosha kuonyesha mahali. Kazi ya mchomeleaji ya nusu saa huwa imemaliza kesi.

Oksidi za nitrojeni hazipimwi kwa gari lililosimama, hivyo kwa wengi si tatizo la kituo cha ukaguzi. California huyapima magari ya 1976 hadi 1999 katika maeneo yake yenye hewa mbaya yakiwa juu ya magurudumu ya mashine, injini ikibeba mzigo, na huko chanzo cha kawaida ni vali ya kurudishia moshi iliyoziba kwa masizi au injini inayopata joto kupita kiasi.

Dizeli ni ulimwengu mwingine. Mashine hupima giza la moshi wakati fundi anakanyaga mafuta mpaka mwisho bila mzigo, na jibu hutolewa kwa namba: Uingereza huruhusu 2.5 kwa dizeli ya zamani isiyo na turbo, 3.0 yenye turbo, na 1.5 kwa magari yaliyoanza kutumika kati ya Julai 2008 na mwisho wa 2013. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa, na kwa dizeli klina ya hewa iliyojaa vumbi la barabara ya kifusi ni kosa kubwa kweli. Baada yake huja mipira ya turbo iliyopasuka, nozeli zinazomwaga badala ya kunyunyizia, na pampu iliyofunguliwa makusudi ili gari lipande mlima na mzigo. Hili la mwisho limeenea kwenye malori na mabasi madogo, na halifai kufumbiwa macho: Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Wanaouvuta zaidi ni makondakta, mama lishe wa stendi na watoto wanaosubiri gari la shule. Moshi wa buluu ni oili, kwa dizeli na petroli vile vile. Mweupe usiokatika injini ikishapata moto ni maji ya rejeta yanayoingia silinda, na hapo moshi ndio wasiwasi mdogo kuliko wote.

Magari yanayofungwa kompyuta ya kisasa yana mtego wake. Taa ya injini inapowaka, wengi hukimbilia kuifuta kwa kifaa cha elfu chache saa moja kabla ya ukaguzi. Tangu 1996 magari yote madogo yanayouzwa Marekani yanatakiwa kujipima yenyewe, na ukifuta makosa unafuta pia matokeo ya vipimo hivyo vya ndani. Mkaguzi wa California akichomeka waya wake anaona kwamba gari halijamaliza kujipima, na hulirudisha. Ni lazima liendeshwe siku kadhaa, mjini na barabara kuu, ndipo lipimwe. Namba ya kosa nayo isomwe kwa akili. P0420, inayosema masega hayafanyi kazi yake, imeuza masega mengi kuliko tangazo lolote, ilhali sensa iliyochoka au ufa wa bomba huweza kuileta. Na kile kipande cha chuma kinachofungwa chini ya sensa ya pili ya oksijeni, ile ya baada ya masega, ili kuidanganya kompyuta hakiidanganyi mashine ya gesi, maana yenyewe inanusa moshi wenyewe.

Mafuta pia yaangaliwe. Mafuta ya taa yanapochanganywa kwenye dizeli au petroli, nozeli na moto wote huvurugika. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kuyatia mafuta vinasaba mwaka 2010 chini ya mamlaka yake ya udhibiti wa nishati, EWURA, na Kenya ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili uchanganyaji usiwe na faida. Upande wa ubora wenyewe kuna jambo la kujivunia: tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kwa hiyo kisingizio kwamba mafuta yetu hayafai kwa masega hakisimami tena.

Lakini si haki kumtwika mwenye gari mzigo wote. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Nairobi, ilionyesha mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Marekani na Japani, na zaidi ya nusu ya yaliyokwenda nchi zenye kipato cha chini na cha kati yaliishia Afrika. Mengi ya yale yaliyopitia bandari za Uholanzi hayakuwa na cheti halali cha ubora barabarani yalipopakiwa. Mjapani huliuza gari lake mara nyingi pale ukaguzi wa lazima wa huko unapokaribia, na ukaguzi wenyewe huruhusu kaboni monoksidi mpaka asilimia 1 injini ikinguruma. Gari linaweza kuwa halali Yokohama na kufeli kwenye kikomo cha asilimia 0.3. Kenya hukataa gari lililozidi miaka minane, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku yaliyozidi kumi na tano. Kwa ushahidi wa Denver, ukomo wa umri ni chujio butu: unakataa kuukuu lililotunzwa na kukaribisha changa lililokombwa masega. Bomba la kupimia moshi lingewekwa bandarini, Mombasa na Dar es Salaam, lingelinda mapafu na mifuko ya watu kuliko tarakimu ya mwaka kwenye kadi.

Vituo vya ukaguzi navyo vina deni. Kituo kinachompa mteja neno "limefeli" bila namba kinamkabidhi kwa kubahatisha. Kila karatasi ionyeshe gesi zote nne, lambda, joto la injini na kikomo kilichotumika. Kila kituo kiruhusu kipimo cha majaribio kwa ada ndogo kabla ya kile cha cheti. Na vyuo vya ufundi, kama vile vya VETA nchini Tanzania, viwafundishe mafundi kuisoma karatasi hiyo kama wanavyofundishwa kushika spana.

Mwenye gari, kwa upande wake, anaweza kuanza leo. Badilisha oili, hakikisha thamostati ipo, ziba matundu ya bomba, toa plagi uzitazame, ufike kituoni injini ikiwa ya moto. Likifeli, dai namba, mpelekee fundi karatasi yenyewe, na usikubali kulipia masega mpaka akuonyeshe mstari unaosema ndiyo yaliyokufa.